Meno ya Gitaa na Kiti cha Dirishani

Shangazi hakumpa mtu kiganja. Ukimsalimia alikunja vidole akakuletea kifundo cha mkono, kama wafanyavyo watu waliotoka kukanda unga, nawe ukashika kifundo hicho mkaendelea na habari za nyumbani. Wageni walidhani ni heshima. Wenyeji wa karakana walijua ni harufu.

Miaka thelathini na mmoja alifanya kazi uani kwa kaka yake, fundi wa magitaa, na kazi yake ilikuwa moja tu: kutengeneza meno. Usicheke. Gitaa lina meno mawili. Chukua gitaa la mbao, lile lisilotaka umeme, ulitazame vizuri. Juu kabisa, shingo inapokutana na kichwa, kuna kijipande cheupe chenye mifereji sita, na kila uzi una mfereji wake. Chini, tumboni, kwenye kile kibao zinapofungiwa nyuzi, kuna kijipande kingine kimechomekwa kikasimama wima, nyuzi zimekilalia mgongoni. Hayo ndiyo meno, la juu na la chini. Kila unachokipiga kwenye uzi hupita kwanza kwenye meno ndipo kiingie kwenye mbao. Yakiwa ya plastiki laini, gitaa huongea kama mtu mwenye chakula mdomoni. Yakiwa ya mfupa, husema neno likaisha.

Na mfupa hauji mweupe. Shangazi aliuchukua kwa muuza nyama, muundi wa ng'ombe, ukiwa bado na damu na mishipa. Alikata vichwa viwili kwa msumeno wa chuma, akasukuma uboho kwa kijiti, akachemsha. Moto mdogo. Ukichemsha kwa pupa mfupa unakuwa kama biskuti. Akabadilisha maji, akachemsha tena, akaloweka kwenye sabuni ya unga siku nne, akaloweka tena kwenye ile dawa ya vidonda inayotoa povu, akaanika kivulini wiki tatu. Mafuta yakibaki ndani, jino litageuka manjano na sauti italegea, kwa hiyo kila hatua alinusa. Kisha msumeno mdogo, tupa, msasa juu ya kioo, na mwishoni kitambaa cha suruali kuukuu kilichopakwa dawa ya meno. Ukimwona anasugua pale ungedhani anamswakia mtoto.

Hapo ndipo kazi yake ilipokoma. Jino likishang'aa alilipeleka mbele, kwa kaka, naye kaka ndiye aliyelipachika na kulichonga mifereji, akiwa amekaa kwenye kiti cha dirishani.

Kiti chenyewe kilikuwa stuli ya miguu mitatu, ngozi yake imechanika ikatoa sufi. Lakini kilikuwa dirishani, kwenye mwanga, mbele ya meza yenye tupa nyembamba kumi na mbili zilizopangwa kama vijiko vya wageni. Mwenye gitaa alisimama mbele ya kiti hicho akasubiri, na gitaa lilipovutwa nyuzi likaitika kwa mara ya kwanza, aliyekaa kitini ndiye aliyelisikia na ndiye aliyeambiwa asante. Shangazi aliyasikia magitaa hayo kupitia ukuta. Alitaka kiti. Hakutaka kitu kingine chochote katika maisha yake, na jambo hilo kila mtu alilijua, kaka akiwa wa kwanza.

Kaka yake aliitwa Pua. Pua yenyewe ilikuwa ya kawaida tu, ndogo hata; jina lilitokana na kazi yake. Watu walikuwa wakiletewa meno na wachuuzi wakiapa kwamba ni mfupa mtupu, nao wakayaleta kwa Pua kupata hukumu. Pua alimwita dada yake kutoka uani aje kushika kibatari. Shangazi alisimama karibu, kibatari usawa wa kidevu, Pua akachoma sindano kwenye ule moto mpaka ikawa nyekundu, akaigusisha tumboni mwa jino, upande usioonekana, akaleta jino puani, akafumba macho.

"Mfupa!" alikuwa akisema. Au: "Plastiki!" na hapo alichukua koleo akalivunja jino mbele ya mwenyewe, ka! akatupa vipande kwenye kopo la bati.

Watu walipenda sana mchezo ule. Kilichokuwa hakipendezi ni kwamba koleo halikubagua. Jino la Shangazi likiwa na ufa mdogo kama unywele, au likiwa halina ufa ila Pua ameamka vibaya, nalo lilivunjwa, na kadiri wateja walivyokuwa wengi ndivyo lilivyovunjwa kwa madaha.

"Mnamwona dada yangu huyu?" alisema siku moja, wanamuziki watano wakiwa wamesimama. "Nikimpa ng'ombe mzima ataniletea kifungo cha shati."

Wakacheka. Shangazi naye akacheka, maana ukiwa umeshika moto mkononi huna pa kwenda. Jino lile lilikuwa la wiki tano.

Kuna habari ya seremala, na lazima isemwe, kwa sababu ndiyo iliyozaa ule mtindo wa kifundo. Shangazi alipokuwa na miaka ishirini na minane, seremala mmoja aliyefiwa na mke alianza kuja karakanani kuleta mbao ambazo hazikuagizwa. Alikaa uani akimtazama Shangazi anavyopiga tupa. Alimwambia, "Una mkono wa fundi, wewe." Mwaka mzima kauli ikawa hiyohiyo, mpaka siku moja akaja na shemeji yake na mjomba wake, wamevaa, kuzungumza. Pua aliwapokea vizuri. Akawapa viti na soda. Kisha, seremala alipokuwa katikati ya maneno yake, Pua akamwita dada yake kutoka ndani, akamshika mkono, akaunyoosha mpaka usoni pa seremala.

"Nusa kwanza," alisema. "Usije ukasema hukuonyeshwa mzigo."

Ilikuwa mzaha. Pua aliapa hata baadaye kwamba ilikuwa mzaha. Mjomba alicheka mpaka soda ikamtoka puani. Seremala hakucheka mwanzoni. Alimtazama Shangazi, akamtazama mjomba wake, halafu naye akacheka kidogo, kacheko kadogo ka mtu anayetaka kwenda sawa na wenziwe. Ni kale kadogo alikokaona Shangazi. Hawakurudi. Siku ya tatu Pua alikuja uani akamkuta anachemsha mifupa, akasema, "Afadhali. Sasa nani angenipikia hii?"

Basi miaka ikaenda. Pua alioa, akapata binti, binti akamwita Shangazi, na karakana nzima ikafuata. Mke wa Pua alifariki. Binti akakua, akaolewa na kijana mtanashati ambaye miaka miwili baada ya harusi bado alikuwa anavaa viatu vyeusi vya kung'aa kuja kazini, ndiyo maana akaitwa Bwana Harusi. Pua alimpa Bwana Harusi meza ndogo pembeni, ndani, karibu na dirisha. Shangazi aliona meza ile inaingizwa. Aliishikia mlango.

Miaka minne kabla ya yote nitakayosimulia, mafua yalimwangusha Pua wiki tatu. Alipoinuka alikuwa mzima, ila kimya zaidi. Siku moja alikaa uani akinywa chai, amelipa jiko mgongo, na Shangazi alikuwa ametoka kuteka maji. Alirudi akakuta majirani wamejaa ukutani wameziba nyuso kwa nguo.

"Mnamchoma nani humo ndani?" aliuliza mmoja.

Sufuria ilikuwa imekauka. Mifupa ilikuwa inaungua, na mfupa ukiungua mtaa mzima unahama. Pua alikuwa hatua mbili kutoka pale, anapuliza chai yake.

"Wanasemaje hao?" aliuliza.

Shangazi alimtazama. Akaipua sufuria, akaimwagia maji. "Hawasemi kitu, kaka," alijibu. "Kunywa chai."

Wiki ileile mteja alileta jino. Shangazi akashika kibatari. Pua akachoma sindano, akagusa, akaleta puani, akafumba macho, na akakaa hivyo muda mrefu mno. Alipofumbua, Shangazi aliona ndani ya macho yale kitu ambacho hakuwahi kukiona kwa kaka yake: alikuwa mtoto aliyepotea sokoni. Harufu ilikuwa wazi, nywele zilizoungua. Shangazi akakipuliza kibatari kikazimika.

Pua aliutazama moshi. "Mfupa," alisema.

Safari iliyofuata jino lilikuwa plastiki. Shangazi aliacha kibatari kikiwaka. Pua alisubiri kidogo, akakitazama, akasema, "Plastiki," akanyoosha mkono kuchukua koleo. Tangu hapo ikawa hivyo. Kibatari kikizimwa ni mfupa, kikiachwa kikiwaka si mfupa. Hawakulisema hata mara moja, hata wakiwa wawili tu. Kwa miaka minne Shangazi alikuwa pua ya Pua, na sifa zikawa zinaongezeka, maana kusema kweli yeye alinusa vizuri kuliko kaka yake alivyowahi.

Na katika miaka hiyo minne, koleo liliendelea kufanya kazi yake.

Siku moja mpiga solo wa bendi kubwa ya mjini alileta gitaa lake la zamani. Jino la chini lilikuwa limeliwa na nyuzi mpaka likawa na mabonde. Alitaka la mfupa, na alitaka zuri, kwa kuwa gitaa hilo alilipiga tangu kijana. Pua alikuwa amechangamka. Mikono ilikuwa imeanza kumtetemeka miezi ile, na wateja walianza kuona. Akasimama katikati ya karakana.

"Sikilizeni," alisema. "Mimi nimechoka. Kiti hiki nataka kukiachia mtu kabla sijaanguka nacho. Dada yangu, na wewe mwanangu Bwana Harusi, kila mmoja anitengenezee jino la chini la gitaa hili. Jumamosi nayapima hapahapa, mwenye gitaa akiwepo. Jino nitakalolipitisha, aliyelitengeneza anakaa hapa." Akaipiga stuli kofi.

Shangazi alikuwa amesimama mlangoni na ndoo. Aliiweka chini polepole maji yasimwagike.

"Na mimi kaka? Kweli?"

"Nimesema nani kama si dada yangu?"

Alikuwa na kipande kimoja alichokiweka miaka miwili ndani ya kopo lenye mchanga mkavu, muundi wa fahali mzee, mzito kama jiwe. Kukiweka kwake hakukuwa na sababu ambayo angeweza kuitaja. Alikikata Jumatatu. Jumatano alikuwa kwenye msasa. Ijumaa alilidondosha jino juu ya kioo kutoka urefu wa kidole, likalia ti, sauti nyembamba iliyonyooka, naye akalidondosha tena kwa ajili ya raha tu.

Bwana Harusi hakuonekana uani kuomba mfupa. Alipoulizwa anatumia nini alisema, "Shangazi, wewe una siri zako, na mimi niachie zangu," akacheka kwa adabu.

Jumamosi karakana ilinuka vanishi, kwa sababu magitaa mawili yalikuwa yamepakwa asubuhi, na mpiga solo alisimama mlangoni na sigara yake. Harufu ya mguso wa sindano ni ndogo. Aisikiaye ni mwenye jino puani na mwenye kibatari, basi. Mbele ya Pua yalikuwepo meno mawili juu ya kitambaa, yote meupe kidogo yenye rangi ya maziwa, yote yaking'aa. Pua aliyadondosha juu ya kioo. Ti. Ti. Yalilingana.

Akachukua kwanza la Bwana Harusi. Sindano ikawa nyekundu, ikagusa. Halikuyeyuka, wala halikutoa uzi kama plastiki ya kawaida. Lakini Shangazi alisikia harufu, ikamshangaza: samaki. Samaki aliyelala siku tatu juani. Akalitazama lile jino vizuri, rangi ile ya maziwa, na ghafla akaijua. Ilikuwa trei. Trei ya melamini, ile plastiki ngumu isiyoyeyuka, aliyowapa yeye mwenyewe siku ya harusi yao, yenye tako bapa la unene wa jino la chini hasa.

Hakukizima kibatari. Alikishika kikawaka, wima, ulimi wa moto haukutikisika.

Pua alifumbua macho. Akakitazama kibatari. Akamtazama dada yake, si haraka, kama mtu anayesoma barua mpaka sahihi.

"Mfupa!" alisema.

Bwana Harusi akapumua. Shangazi alidhani kaka hakuelewa. Akakisogeza kibatari mbele kidogo, kionekane. Pua alikuwa ameshachukua jino la Shangazi, la fahali, la miaka miwili. Sindano ikagusa. Nywele zilizoungua, safi kabisa, bila chembe ya mafuta. Shangazi akapuliza. Moshi ukapanda kati ya uso wake na uso wa kaka yake.

"Plastiki," Pua alisema.

Koleo. Ka! Vipande vikaingia kwenye kopo la bati.

"Miaka thelathini," aliwaambia watu, akitikisa kichwa, "na bado anataka kunidanganya mimi. Mimi!"

Mpiga solo alicheka mlangoni na moshi wake. Bwana Harusi alikaa kwenye kiti, akatikisika kidogo kukipima. Binti wa Pua akapiga kigelegele.

Jioni, jua likiwa bado juu ya ukuta, Shangazi alimkuta kaka yake uani ananawa.

"Kaka. Kibatari ulikiona?"

"Nilikiona."

"Ulikiona vizuri?"

"Dada, mimi nimepoteza pua, sijapoteza macho." Alijifuta mikono taratibu, kidole kimoja kimoja. "Unajua unavyonitazama tangu siku ile ya chai? Unanitazama kama kitu ulichokiokota. Ukikaa pale mbele utanitazama hivyo mpaka nife. Yule kijana hajui kitu. Anaponitazama anamwona Pua."

"Nilikuwa nakusaidia."

"Ndiyo hilo," alisema Pua. "Muundi mmoja umebaki kwenye ndoo. Usiuache uoze." Akaingia ndani.

Shangazi hakuuacha uoze. Waliomjua walitarajia alie, au ahame, au angalau agombane na Bwana Harusi. Alichemsha, akaloweka, akaanika. Jumatatu alikuwa na kibatari mkononi kama kawaida, akizima na kuacha, kwa haki kabisa, na kwa miezi mitatu hukumu za Pua zilikuwa sahihi kama za malaika. Bwana Harusi akawa anachonga mifereji mipana mno, nyuzi zikipiga kelele kama nzi ndani ya chupa. Trei za nyumba ile ziliisha, akahamia sahani.

Mwezi wa nne alikuja mwanamke mmoja, mkuu wa chuo cha muziki, mrefu, amevaa miwani ya kamba. Chuo chake kilikuwa na magitaa mengi ya kutengenezwa na alitaka karakana moja ya kuyashika yote, mwaka baada ya mwaka. Alikuwa ameambiwa kuhusu Pua na hakuamini. Habari zilitembea, alipofika alikuta wanamuziki kumi na zaidi wamejipanga ukutani kutazama, mpiga solo akiwa miongoni mwao na gitaa lake mgongoni. Siku hiyo hakukuwa na vanishi.

"Mzee, shikamoo," alisema. "Nimekuletea meno matatu. Naomba uniambie mfupa ni upi, nami nitakuamini maisha."

"Marahaba, mwalimu. Wewe leta. Dada! Moto!"

Shangazi akaja. Akasimama pale aliposimama miaka yote, kibatari usawa wa kidevu.

La kwanza. Sindano ikagusa, likayeyuka kidogo. Shangazi akaacha kibatari kikiwaka. "Plastiki," Pua alisema, na mwalimu akaitikia kwa kichwa. Watu wakanong'ona.

La pili. Nywele zilizoungua. Ulikuwa mfupa, na mfupa mzuri. Shangazi akaacha kibatari kikiwaka.

Pua alisubiri. Alisubiri zaidi ya kawaida. Shangazi alikuwa anamtazama machoni, na uso wake ulikuwa mpole, ule ule wa siku ya chai. Pua aliona upole ule akatulia.

"Plastiki," alisema, akalivunja kwa koleo. Ka!

Mwalimu aliviinamia vipande, akaviacha.

La tatu. Sindano ikagusa, haikuyeyusha. Samaki. Harufu ilikuwa wazi mpaka Shangazi akaona pua ya mwalimu, upande wa pili wa meza, inakunjamana. Akakusanya pumzi, akakipuliza kibatari kwa nguvu.

"Mfupa!" Pua alisema, akainua jino juu watu walione. "Huu, mwalimu, ni mfupa. Ningekuwa na huu ningeuweka kwenye gitaa langu mwenyewe."

Hakuna aliyepiga makofi. Mwalimu alivua miwani.

"Mzee," alisema, "hilo nimelikata mimi kwenye sahani, asubuhi, jikoni kwangu. Ulilolivunja ndilo mfupa. Lilikuwa la gitaa la baba yangu." Kisha, kwa sauti ya chini, kama anayemuuliza mgonjwa, "Huisikii hiyo harufu?"

Mpiga solo alijipenyeza mbele, akachukua jino mkononi mwa Pua, akanusa. Akakunja uso. Halafu akalishusha gitaa lake mgongoni, akalegeza nyuzi palepale, akalichomoa jino lake la chini, akampa Shangazi.

"Washa tena, mama," alisema. "Pima hili. Wewe unayeshika moto, bila shaka una pua."

Shangazi akawasha. Akagusa. Hakuhitaji hata kulileta karibu. Mpiga solo mwenyewe alirudi nyuma hatua moja.

"Samaki," mtu mmoja akasema kutoka ukutani. Kisha mwingine akarudia, na kicheko kikaanza upande ule kikazunguka karakana, kile kicheko cha watu waliokuwa wakimwogopa mtu kwa muda mrefu.

"Pua!" alipaza mmoja. "Leo tunakula nini?"

Bwana Harusi alikuwa ameshasimama kutoka kwenye kiti. Alikuwa anatafuta mlango kwa mgongo. Ndani ya wiki yeye na binti walikuwa wamehama, na sasa anauza makava ya simu mahali fulani, viatu vikiwa bado vinang'aa.

Pua alibaki katikati, anamtazama dada yake.

"Umekizima," alisema, taratibu, kwake tu.

"Nimekizima," Shangazi alisema.

Kisha akaizunguka meza. Akakaa kwenye kiti cha dirishani. Kilikuwa cha chini kuliko alivyofikiri siku zote hizo, na mwanga ulikuwa mkali, ulimuumiza macho. Akamwambia mpiga solo, "Niachie gitaa mpaka Jumanne." Akamgeukia mwalimu, akamnyooshea mkono, akamnyooshea kiganja chote. Mwalimu akakishika.

Magitaa ya chuo yalikuja. Yanakuja mpaka leo. Mifereji ya Shangazi ni myembamba na imelala kwa mteremko unaotakiwa, nyuzi zinakaa humo kama mtu kitandani kwake. Wanamuziki wanasema hawajawahi kupata fundi kama yule. Wanasema pia kwamba si vizuri kumkuta siku ameamka vibaya.

Kwa kuwa mfupa lazima uandaliwe, na aliyebaki wa kuuandaa ni mmoja. Pua yuko uani. Hajui kama mafuta yametoka au bado, maana hatua zote zile ni za kunusa, kwa hiyo vipande vyake vingi vina rangi ya manjano. Anavileta mbele, anasimama na kibatari usawa wa kidevu, na Shangazi anagusa sindano, ananusa, anachukua koleo. Anasubiri kwanza wateja wajae.

"Kaka yangu huyu," anasema, "nikimpa ng'ombe mzima ataniletea sabuni."

Wanacheka. Pua naye anacheka, moto ukiwa mkononi.

Juzi mpiga solo alikuwa amekaa karakanani akisubiri nyuzi zake. Shangazi alikuwa kwenye mfereji wa sita, ule mwembamba kuliko yote, tupa ikienda na kurudi. Mpiga solo aliinua kichwa. Kupitia dirisha la nyuma walimwona Pua amekaa uani kwenye kigoda, amelipa jiko mgongo, anapuliza chai.

"Mama," alisema mpiga solo, "kuna kitu kinaungua huko nyuma."

"Najua," Shangazi alisema. Akapuliza vumbi lililokuwa ndani ya mfereji, akauangalia kwenye mwanga, akaendelea na tupa.